Panga la Kumi na Saba

Gongoni, kaskazini ya Malindi, saa nane za usiku.
Injini ya kiwanda cha chumvi imebweka mara tatu,
hewa ikarudi ilikotoka
kama mtu aliyepaliwa na ugali.
Nikazima. Pampu za mabwawa zikanyamaza.
Injini ilitii. Turbo haikuwa imeambiwa:
iliendelea kuzunguka gizani, peke yake.

Nina desturi ya kuhesabu.
Fundi Shekuwe, Mbajuni wa Kizingitini, ndiye aliyenifunza:
turbo yenye afya hufa polepole, dakika nne, tano,
kama mgeni ajuaye kuaga.
Hii ilisimama kwa dakika moja na nusu,
na mwishoni ikakwaruza.

Tukaifungua mimi na Mbodze, mwanagenzi,
ingali moto, glavu mbili mbili.
"Mbona kubwa hivi?"
Ya lori ungeitia kapuni, nikamwambia. Hii hunyanyuliwa kwa winchi.
Tazama: magurudumu mawili, mhimili mmoja.
Huku ni motoni. Moshi wa silinda, digrii mia tano na ushei,
moshi ambao mjinga angesema umekwisha kazi,
unabanwa kwenye pete ya mianya, unatoka na hasira,
unalisukuma gurudumu la mapanga arobaini na mawili,
kila panga limesubiwa peke yake kwa nikeli,
shina lake meno meno, kama ufunguo wa mbao.
Na huku ni baridi: gurudumu la alumini,
lililochongwa katika bonge moja, bila kiungo,
linavuta hewa ya Gongoni pamoja na chumvi yake,
linaishindilia injini kama sufi kwenye mto.
Wawili hawa hawajawahi kuonana.
Mhimili wao unaelea juu ya utando wa mafuta,
mizunguko elfu ishirini kwa dakika.
"Haugusi kitu?"
Ukigusa, ndiyo haya ya kuamshana saa nane.

Chumvi tuliikuta, ganda jeupe kwenye alumini.
Tukaiosha. Meneja akasema kwenye simu:
basi ndiyo hiyo, irudisheni, msimu ni mfupi.
Lakini ganda lilikuwa sawasawa pande zote.
Ganda la namna hiyo huziba pumzi, haliyumbishi mhimili.

Kila panga lina uzito wake, limepimwa,
zito hukaa mkabala na zito mwenziwe.
Usipofanya hivyo, kwa kasi ile,
gramu tatu huwa magunia matatu.
Mbodze alikuwa akisoma namba kwa tochi ya simu,
kumi na tano, kumi na sita, ishirini na tisa.
Akanyamaza.
Akazunguka ng'ambo. La kumi na saba lilikuwa huko,
limekaa kwa adabu katika kiti cha mwingine.

Nikaanza kutafuta wa kumlaumu.
Shekuwe amestaafu, mzigo wake ni mwepesi kumtwika.
Yule wa zamu ya Ramadhani hana macho.
Daftari likafunguliwa, mwezi wa Machi:
*Mapanga yote yamerudishwa. Sawa.*
Na chini yake sahihi yenye mkia mrefu.
Yangu.

Nilikumbuka. Binti yangu alikuwa hospitali, Malindi mjini,
simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni.
Panga halijui hospitali.

Nikampa Mbodze kalamu nyekundu.
Aliandika kosa, akaacha nafasi ya jina.
Jaza, nikasema. Nyale. Turbo imekwisha kuliandika.

Tulitia beringi mpya, kila panga kwake.
Alfajiri tukawasha, ikapanda bila kubweka,
tukaiacha ishibe moto, kisha tukazima makusudi.
Nilifungua mdomo kuhesabu,
nikasikia mwingine ameshaanza, kwa Kigiriama,
sikio karibu na chuma, mkono umeinuliwa ninyamaze.
Alipita dakika ya nne.
Hakuniangalia hata mara moja.